Nani aligusa asilimia? MediaWiki na historia ya matoleo katika ofisi ya forodha Mombasa

Tangu Februari 2023 ofisi yetu ya uwakala wa forodha, iliyoko hatua chache kutoka Mapembeni katika Moi Avenue hapa Mombasa, imekuwa ikiandika, ikihakiki na kuhifadhi miongozo yake yote ya kazi ndani ya MediaWiki, programu huria ileile inayoendesha Wikipedia. Mimi ndiye niliyekabidhiwa dhamana ya miongozo hiyo, nayo si michache: upo wa kutoa makontena ya kawaida, upo wa makontena ya ubaridi, upo wa magari yaliyotumika, upo wa mizigo ya kupita kwenda Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, na kila mmoja husomwa na makarani ambao saa hiyohiyo wanangojewa bandarini Kilindini na mteja ambaye hakati simu. Tathmini hii inahusu jambo moja katika programu hiyo, nalo ni namna inavyotunza historia ya matoleo na namna inavyowawezesha watu kadhaa kuhakiki andiko moja bila kufutiana kazi. Sura yake na mapambo yake sitayagusa isipokuwa pale yanapoingilia jambo hilo.

MediaWiki haikuzaliwa jana. Msingi wake uliandikwa na Magnus Manske wa Ujerumani na ukaanza kutumika Wikipedia Januari 2002, kisha Lee Daniel Crocker akauandika upya mwaka huohuo, na jina lenyewe likaja 2003. Wazo la ukurasa unaoweza kuhaririwa na msomaji wake ni la Mmarekani Ward Cunningham, aliyefungua tovuti ya kwanza ya aina hiyo Machi 1995 na kuipa jina la WikiWikiWeb, kutokana na neno la Kihawaii “wiki” lenye maana ya upesi. Nasaba hii ina uzito wake katika tathmini, kwa sababu inaeleza tabia ya programu. Ilijengwa kwa ajili ya watu wasiojuana, walio mbalimbali, ambao hawana budi kuulizana kila mara nani alibadilisha nini. Na kwa hiyo historia haikufichwa ndani ya menyu ya tatu, bali imewekwa juu ya kila ukurasa, kando ya kitufe cha kuhariri, na yeyote anayeruhusiwa kuusoma ukurasa anaruhusiwa kuisoma na historia yake.

Katika kazi yetu ruhusa hiyo ni jambo kubwa. Mwongozo wa forodha ni andiko ambalo tarakimu zake huhama, na zinapohama fedha ya mteja huhama nazo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha ada ya tamko la uingizaji bidhaa, tunayoiita IDF, kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli, yaani RDL, kutoka asilimia 2 hadi 1.5, kuanzia tarehe 1 Julai. Lakini tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha utekelezaji wa sheria hiyo, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoamua hivyo tarehe 28 Julai. Kisha, mwishoni mwa Desemba 2024, marekebisho ya sheria za kodi yakairudisha RDL kwenye asilimia 2, huku IDF ikibaki ilipo. Kwa mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000, tozo hizo mbili zilikuwa shilingi 55,000 kwa viwango vya kwanza, zikawa 40,000, na sasa ni 45,000. Mwenye duka la vyombo Kongowea anayeleta kontena mbili kwa mwaka huisikia tofauti hiyo mfukoni.

Kwa hiyo swali linaloulizwa ofisini mara nyingi si kiwango cha leo ni kipi, maana cha leo kila mtu anakijua. Swali ni mwongozo wetu ulisema nini siku karani alipoandaa hati fulani, na ulisema hivyo kwa msingi gani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa uwezo wa kudai hati za mzigo ndani ya miaka 5 tangu ulipoingia. Programu ya kuandikia miongozo ambayo haiwezi kukurudisha miaka 5 nyuma, siku kwa siku na mkono kwa mkono, katika biashara yetu ni nusu programu.

Nayasema haya nikiwa na kidonda. Kabla ya MediaWiki tulikuwa tukitumia programu nyingine ya kulipia, ambayo sitaitaja, iliyojivunia historia ya matoleo katika matangazo yake yote. Historia ilikuwepo kweli, ila ilikusanya mabadiliko ya saa kadhaa yakawa fungu moja lenye rangi za wahariri, bila neno hata moja la kueleza nia. Katika mwongozo wa makontena ya ubaridi kulikuwa na sentensi iliyomtaka karani alinganishe kipimo cha joto kilichoandikwa kwenye hati na kile kinachoonekana kwenye mtambo wa kontena kabla ya kutia sahihi ya kulitoa. Iliandikwa na mwenzetu mkongwe ambaye baadaye alistaafu. Siku moja tuliihitaji, kwa sababu mteja wa samaki alikuwa na madai, tukakuta haipo. Rangi zilituonyesha kwamba ilifutwa katika fungu fulani la alasiri lenye mikono mitatu. Maoni ya pembeni, ambayo bila shaka ndiyo yaliyobeba majadiliano ya kufutwa kwake, yalikuwa yamekwisha kufungwa, na katika programu ile yakishafungwa huondoka machoni na hayafungamani tena na toleo lolote. Hatukupata kujua kama ilifutwa kwa makosa au kwa sababu nzuri tusiyoikumbuka. Kutojua huko kuliniuma kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa sikujua hata niirudishe au niiache.

Sasa nieleze ukurasa wa historia wa MediaWiki ulivyo, kwa maana ndio moyo wa jambo hili. Kila mara mtu anapohifadhi, toleo zima jipya huwekwa, na la zamani hubaki kama lilivyokuwa. Hakuna kuunganishwa kimyakimya, wala hakuna ukomo wa siku. Kila toleo lina mstari wake wenye saa, tarehe, jina la mhariri, ukubwa wa ukurasa kwa baiti, tofauti ya ukubwa huo na toleo lililotangulia, na mwishoni muhtasari ambao mhariri mwenyewe ameuandika. Kando ya mistari kuna safu mbili za vitufe vya duara, ambazo hukuwezesha kuchagua matoleo yoyote mawili, hata kama kati yao yamepita matoleo themanini, na kuyaona sambamba: la zamani kushoto, maneno yaliyoondoka yakiwa na rangi ya manjano, na jipya kulia, yaliyoingia yakiwa na buluu. Kila toleo lina namba yake na kiungo chake cha kudumu, kiasi kwamba unaweza kukibandika kiungo hicho kwenye barua pepe ya mteja na baada ya miaka mitatu kikafungua maandishi yaleyale.

Asubuhi moja ya Agosti 2023 karani wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Ami kwa umri na kwa heshima yake, alikuja mezani kwangu akiwa na karatasi aliyoichapa mwezi wa sita.

“Mwanangu, hii asilimia nani ameigusa? Kwangu imeandikwa tatu na nusu, kwenye mashine naona mbili na nusu.”

“Ami, shikamoo. Vuta kiti tutazame pamoja.”

Tulifungua historia. Mstari tulioutafuta haukuwa rahisi kuuona, na sababu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Unapofuta 3.5 na kuandika 2.5, umeondoa herufi tatu na kuingiza herufi tatu. Ukubwa wa ukurasa haukuongezeka wala haukupungua. Ile safu ya tofauti ya baiti, ambayo macho huikimbilia kwanza kwa sababu ina kijani kwa kilichoongezeka na chekundu kwa kilichopungua, hapo ilionyesha sifuri ya kijivu. Badiliko lililomgharimu au kumwokolea mteja shilingi 10,000 katika kila milioni lilikuwa limeandikwa na mashine kuwa ni sifuri, ilhali mstari wa chini yake, ambapo mtu aliongeza aya ya salamu za kumkaribisha karani mpya, uliwaka kijani kwa mamia ya baiti. Kilichotuokoa ni muhtasari. Yalikuwepo mabadiliko matatu ya Julai yenye sifuri tatu. La kwanza liliandikwa kwamba kiwango kimebadilishwa kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023. La pili kwamba kimerudishwa kwa sababu ya zuio la Mahakama Kuu la tarehe 30 Juni, tusubiri. La tatu kwamba Mahakama ya Rufaa imeondoa zuio tarehe 28 Julai, kiwango kipya kirejee. Ami aliisoma mistari hiyo mitatu polepole, akaikunja karatasi yake, akasema, “Haya, nimeelewa,” akaenda zake bandarini.

Tangu siku hiyo nimeuona muhtasari kuwa ndiyo sehemu ya programu inayostahili kulindwa kuliko zote. Una nafasi ya herufi 500, nayo inatosha kabisa kueleza sababu, chanzo na jina la aliyeagiza. MediaWiki haimlazimishi mtu kuujaza, lakini katika mapendeleo ya kila mtumiaji lipo chaguo la kukumbushwa anapotaka kuhifadhi bila muhtasari, na msimamizi wa seva anaweza kuliwasha kwa wote tangu mwanzo. Liwasheni siku ya kwanza. Kuna pia kisanduku cha kutia alama kwamba badiliko ni dogo, ambacho makarani hukipenda kwa unyenyekevu wao. Wanaona kugeuza tarakimu moja ni jambo dogo. Tatizo ni kwamba orodha ya mabadiliko ya karibuni inaweza kuwekwa isionyeshe madogo, na hapo tarakimu hupita bila kuonekana na mtu. Sisi tumeweka sharti kwamba kila panapoguswa namba, tarehe au jina la fomu, alama hiyo haitiwi, hata kama ni kusahihisha nukta.

Kuna upungufu mmoja wa historia hii ambao sharti niuseme. Programu yenyewe, bila nyongeza, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, haina njia ya kuielekezea kidole sentensi na kuuliza iliingia lini na kwa mkono wa nani. Ukurasa wetu wa makontena ya kawaida una matoleo yapata 140. Nikitaka kujua sentensi fulani ilianza lini, hufungua toleo la katikati, nikatazama kama imo; ikiwa imo narudi nusu ya nyuma, ikiwa haimo nakwenda nusu ya mbele, na kwa kugawanya hivyo naifikia katika milinganisho isiyozidi minane. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu aliyezoea. Kwa karani aliyesimama kaunta ya afisa wa forodha ni dakika tano asizokuwa nazo, na ningependa sana kuona kipengele hicho kikiingizwa ndani ya programu badala ya kuachiwa zana za nje.

Nije kwenye kuhakiki, ambako hukumu yangu haitakuwa ya sifa tupu. Kila ukurasa wa MediaWiki una mwenzake wa majadiliano, na ukurasa huo wa majadiliano nao una historia yake kamili, hivyo hakuna hoja inayotoweka kwa sababu mtu amebonyeza kwamba imemalizika. Hili ndilo nililolikosa siku ya kontena la samaki. Hata hivyo majadiliano yako mlango wa pili. Hayako pembeni mwa neno linalojadiliwa. Mhakiki anayetaka kusema kwamba neno fulani katika hatua ya saba lina utata hana budi kuondoka kwenye hatua ya saba, aende ukurasa mwingine, aeleze kwa maneno ni neno gani na liko wapi, ndipo atoe hoja yake. Watu wenye kazi nyingi hawafanyi hivyo mara tatu. Mara ya tatu hulibadilisha neno wenyewe, na hoja ikabaki kichwani mwao.

Hapa Google Docs, programu ya Google ya kuandikia hati za pamoja mtandaoni, iko mbele, na sioni haya kulisema. Maoni hufungamanishwa na maneno yaliyochaguliwa, na tangu 2014 ina hali ya kupendekeza ambayo humruhusu mhakiki kuandika badiliko lake likaonekana kama pendekezo hadi mwenye andiko alikubali au alikataa. Kwa kuhakiki rasimu mpya, kabla haijawa mwongozo, sijaona njia inayomfaa zaidi mtu wa kawaida. Lakini yenyewe huzungusha mlango upande mwingine: anayeruhusiwa kusoma tu haoni historia ya matoleo, na ukitengeneza nakala ya andiko, historia ya awali haisafiri na nakala hiyo. Na kwa faili zisizo za Google zilizopakiwa kwenye Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, kwa mfano hati ya Word, matoleo ya zamani huweza kufutwa baada ya siku 30 au yakizidi 100 isipokuwa mtu ameagiza toleo fulani lihifadhiwe daima. Ukiwa na sheria ya miaka 5 juu ya kichwa chako, siku 30 ni kufumba na kufumbua. Word nayo hufuatilia mabadiliko vizuri mno, ila badiliko likishakubaliwa alama yake huondoka ndani ya hati, na kumbukumbu ya nani alipendekeza hubaki tu kwa aliyetunza faili za awali.

Njia tuliyoifikia, baada ya kujaribu na kukosea, ni hii. Rasimu ya mwongozo mpya huandikwa na kubishaniwa kwanza kwenye hati ya pamoja yenye maoni ya pembeni. Ikiiva, huingizwa MediaWiki, na hoja nzito zilizoamuliwa, pengine nne au tano, huandikwa upya kwa sentensi kamili kwenye ukurasa wa majadiliano pamoja na kiungo cha kudumu cha toleo linalohusika. Kazi hii ya kuandika upya ilionekana mzigo mwanzoni. Baadaye tuligundua kwamba mtu anapolazimika kuieleza hoja yake kwa sentensi kamili baada ya siku mbili, mara nyingine huona haikuwa hoja, au huiona ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

Upande wa kuidhinisha, MediaWiki ilivyo kiwandani haina lango: kinachohifadhiwa ndicho kinachosomwa papo hapo. Kwa ensaiklopedia hilo ni uhuru. Kwa mwongozo unaotumika kukadiria kodi ni hatari. Zipo nyongeza mbili zinazojulikana. Moja ni FlaggedRevs, inayotumiwa na Wikipedia ya Kijerumani tangu 2008, ambayo ina ngazi na madaraja mengi kuliko mahitaji ya ofisi ya watu kumi na wanne. Nyingine ni Approved Revs, nyepesi zaidi: mwenye mamlaka huchagua toleo lililoidhinishwa, na msomaji anapofungua ukurasa huonyeshwa hilo, hata kama wahariri wamekwisha kuandika matoleo mapya juu yake. Tulichagua ya pili. Desemba 2024, RDL ilipokuwa inarudi asilimia 2, toleo jipya lilikaa tayari kwa siku kadhaa, likahakikiwa na watu watatu, na makarani waliendelea kusoma lile la asilimia 1.5 bila kuchanganyikiwa mpaka asubuhi ya siku yenyewe, nilipobonyeza idhini. Kwa hali ile ya Julai 2023 ningetoa kitu kikubwa kuwa na nyongeza hiyo.

Lipo tego moja ambalo nataka kila ofisi ilijue kabla ya kuhamia, kwa kuwa haliko wazi kwa mtazamaji. MediaWiki hukuruhusu kuandika kitu mara moja kwenye kigezo, kisha kukiita katika kurasa nyingi. Kishawishi cha kuweka viwango vya tozo kwenye kigezo ni kikubwa: ubadilishe mahali pamoja, kurasa ishirini zifuate. Lakini unapofungua toleo la zamani la ukurasa, programu hulijenga kwa vigezo vya leo na kwa picha za leo. Yaani ukifungua toleo la Mei 2023 ambalo liliita kigezo cha IDF, utaonyeshwa 2.5, kana kwamba ndivyo tulivyokuwa tukisema Mei 2023. Historia ya kigezo ipo, na historia ya picha ipo, kila moja mahali pake. Ila haziambatani zenyewe na historia ya ukurasa. Kwa mtu anayetafuta ushahidi, hili si dosari ndogo. Sisi tuliliona katika majaribio, tukakata shauri kwamba tarakimu zote za kisheria zitaandikwa waziwazi ndani ya ukurasa husika, hata kama inatupasa kuzibadilisha mara ishirini, na vigezo vibaki kwa anwani, nembo na vichwa vya fomu. Vilevile picha ya skrini ya mfumo wa forodha ikibadilika, hatupakii juu ya ile ya zamani. Tunaipa jina jipya lenye mwaka.

Watu wawili wakihariri ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, programu hujaribu kuziunganisha kazi zao, na ikishindikana humwonyesha wa pili maandishi ya wote wawili aamue mwenyewe. Kuhariri sehemu kwa sehemu badala ya ukurasa mzima hupunguza mgongano huo hadi kuwa nadra.

Jambo jingine dogo lililonigusa: siku moja mwenzetu alibandika namba ya kodi ya mteja ndani ya mfano. Msimamizi anaweza kuyaficha maandishi ya toleo kama hilo, lakini mstari wake katika historia haufutiki. Hubaki umekatwa kwa wino, ukionyesha kwamba hapa palikuwa na kitu na kimefichwa. Naona huo ndio uaminifu ninaoutaka kwa kitabu cha kumbukumbu. Siri ya mteja imelindwa, na hakuna aliyejifanya kwamba hapakuwa na kosa.

Marafiki zangu waandaaji wa programu, wanaofanya kazi Nyali, huniuliza kwa nini hatukutumia Git, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha 2005 kwa ajili ya kutunza matoleo ya Linux. Najua uwezo wake, nao unaweza kukuambia kila mstari uliandikwa na nani, jambo ambalo nimelilalamikia hapo juu. Lakini hulinganisha mstari kwa mstari, na aya ya nathari mara nyingi ni mstari mmoja mrefu; ukigusa neno moja, aya nzima huhesabiwa kuwa imebadilika mpaka uiagize vinginevyo. Na zaidi ya hilo, Ami hatafungua dirisha jeusi la amri kabla ya kuvuka kwenda Kipevu.

Kuhusu lugha, kila mtumiaji anaweza kuchagua Kiswahili katika mapendeleo yake, kwa tafsiri iliyofanywa na watu wa kujitolea, na Wikipedia ya Kiswahili yenyewe, iliyoanza 2003, imekuwa uwanja wa kuyazoea maneno hayo. Nyongeza nyingine hazijatafsiriwa kikamilifu, kwa hiyo karani hukutana na Kiingereza katikati ya ukurasa. Hilo halikutuzuia, muhtasari na majadiliano vyote huandikwa kwa Kiswahili, na nimeona kwamba sababu iliyoandikwa kwa lugha ambayo mtu huitumia kugombana na kupatana huwa na ukweli zaidi kuliko ile ya vifupisho vya kiofisi.

Programu haina bei, lakini ina gharama. Tumeiweka kwenye kompyuta moja ya ofisini yenye betri ya akiba, inasomeka ndani ya ofisi hata intaneti inapokatika, na kila jioni nakala ya hifadhidata hutolewa ikapelekwa kwenye diski mbili, moja ikiondoka jengoni na mimi. Kijana mmoja huja kila mwezi kuweka masasisho ya usalama, na tunamlipa. Ofisi isiyo na mtu wa namna hiyo, au isiyo tayari kumlipa, isiianze. Ni bora itumie hati ya pamoja ya mtandaoni na kuyapa majina matoleo yake muhimu kwa mkono, kila mara sheria inapobadilika, huku ikitunza nakala iliyochapwa na kutiwa tarehe.

Kwa ofisi zilizo na mtu huyo, nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya maoni yasiyofungamana na neno, na kwa sababu ya vigezo vinavyolivika toleo la zamani nguo za leo. Mwongozo wa magari yaliyotumika unaanza kuhakikiwa upya wiki ijayo, na sentensi ya kipimo cha joto, ile ya mwenzetu aliyestaafu, imerudi katika mwongozo wa ubaridi ikiwa hatua ya nne. Nilimpigia simu Likoni kumwomba anieleze kwa nini aliiandika, na maneno yake yamo kwenye muhtasari, herufi 412, pamoja na tarehe aliyoyasema.